Kidani Kwenye Mto wa Sufi

Ustadh Abdullatif alipanda juu ya kiti pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, akapiga makofi mara tatu, akawatangazia mahujaji wake arobaini na wawili kutoka Unguja kwamba ndege ya Jeddah iliyokuwa iondoke saa tano asubuhi sasa itaondoka saa tatu usiku. Wakati huo ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Watu wakaguna.

"Msigune!" alisema Ustadh. "Mgeni wa Mwenyezi Mungu hanung'uniki. Itumieni nafasi hii. Leteni uradi, jikumbusheni masomo yetu. Muda huu mmepewa, haukuja bure."

Wengine wakatoa tasbihi, wengine wakatoa chapati. Bi Dija peke yake hakutoa kitu, maana ile habari ya ndege ilimnyang'anya udhuru wake wa mwisho.

Udhuru gani? Ngojeni niwaeleze, na msimcheke sana, kwani kila mtu ana wake. Wiki iliyopita, katika somo la kuagana, Ustadh aliwaambia mahujaji: dhambi iliyo baina yako na Mola wako, Mola huisamehe. Lakini haki ya mja, haki ya binadamu mwenzio, hiyo husamehewi mpaka akusamehe mwenyewe uliyemdhulumu. Nenda ukamtafute kabla hujapanda ndege. Basi Bi Dija akazunguka mtaa mzima wa Ng'ambo akiomba radhi. Kaomba kwa mkwewe, kaomba kwa jirani waliyegombania naye kamba ya kuanikia nguo, kaomba hata kwa muuza maji ambaye yeye aliwahi kumwita mwizi wa ndoo. Mtu mmoja tu hakumwendea, naye ndiye hasa aliyemdhulumu.

Mtu huyo alikuwa Bagamoyo. Na boti za kutoka Unguja kwenda Dar zipo kila siku ya Mungu! Lakini Bi Dija, miaka kumi na mmoja, mara bahari chafu, mara magoti yanauma, mara mjukuu ana homa. Sasa hapa alipo amekwishavuka bahari, ana saa kumi na mbili hana kazi, na Bagamoyo ni mwendo wa saa mbili. Asingizie nini tena?

Alikaa akiuminya mkoba wake mpaka saa tatu. Kisha akainuka akamwendea Ustadh.

"Ustadh, nina haki ya mtu Bagamoyo."

"Haki gani, bibi?"

"Kubwa."

Ustadh akatazama saa yake, akatazama dari. "Bibi Dija, ndege haimngoji mtu."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kaburi nalo halimngoji mtu."

Maskini, akanaswa na somo lake mwenyewe. Alijikuna ndevu, akasema, "Saa kumi na moja na nusu uwe umesimama hapa. Pasipoti yako ninayo mimi. Ukichelewa nitaikabidhi kwa askari, bibi yangu, kwani nina watu arobaini na mmoja wa kuwafikisha Makka."

Nje alimpata dereva mmoja wa teksi, mtu mzima mwenye kofia ya viua, jina lake Msabaha. Walipatana safari ya kwenda na kurudi, Msabaha akakitazama kile kitambulisho cha hija kilichoning'inia shingoni mwake.

"Bibi, wewe si unakwenda Makka? Bagamoyo umesahau nini?"

"Endesha baba, nitakwambia."

Hakumwambia. Msabaha alizungumza peke yake kutoka Ubungo mpaka Bunju, na alipoliona mkononi mwa Bi Dija daftari lake, akauliza ni la nini. Bi Dija akamjibu kwamba ni majina ya watu waliomtuma awaombee dua huko aendako. Huyu anataka mtoto, huyu anataka kupona sukari, huyu mumewe arudi kutoka Kongo.

"Niandike na mimi," alisema Msabaha. "Niombee gari hii ipunguze kunywa mafuta."

Bi Dija akamwandika. Jina la yule mwenye haki wa Bagamoyo, Tatu, halikuwemo mle, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma.

Miaka ishirini na minane nyuma Bi Dija alikuwa akikaa Dunda, Bagamoyo mjini, na yeye na Tatu walikuwa chanda na pete. Siku ya harusi ya binti mkubwa wa Bi Dija, nyumba imejaa watu mpaka uani, kidani cha dhahabu alichoachiwa na marehemu mama yake kikapotea chumbani. Chumba kile walikuwa wakiingia watu wawili tu, yeye na Tatu, waliokuwa wakimpamba bibi harusi. Walitafuta mpaka chini ya mkeka. Jirani yao Bi Saida, mwanamke mwenye mdomo wake, akamwambia, "Usibishane na mtu, mwanangu. Soma Halbadiri."

Halbadiri, kwa asiyeijua, ni kisomo cha kuwataja mashujaa wa Badri. Masheikh wengine hukikemea kisitumiwe hivyo, lakini watu wa mwambao wakiibiwa humsomea mwizi ili alaanike, na mwizi huiogopa kuliko bunduki. Ikasomwa barazani kwa Bi Dija baada ya alasiri, ubani wa Bi Saida unafuka, mtaa mzima umesimama. Bi Dija hakutaja jina la mtu. Alisema tu, "Aliyeingia chumbani mwangu anajijua." Lo! Afadhali angetaja.

Miezi mitatu baadaye tumbo la Tatu likaanza kuvimba. Mtaa ukashika vichwa: Halbadiri imemshika! Lisemwalo lipo! Kumbe mwenzao ana mimba, mimba aliyomlilia Mungu tangu aolewe, na sasa ana miaka thelathini na tisa. Badala ya kupongezwa akawa anapishwa njiani. Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, akaitwa Nasrin, lakini uvumi nao ulikuwa umekwishazaliwa, na huo haufi upesi. Tatu na mumewe wakahama Dunda wakaenda Kaole. Bi Dija akamfuata mume Unguja, moyo wake ukiwa mweupe kabisa, maana alijiona ndiye aliyeibiwa.

Mpaka siku moja, miaka kumi na mmoja iliyopita, alipokuwa anafumua mito ya zamani ili aianike sufi juani. Mkono ukagusa kitu cha baridi. Kidani! Kilikuwa kimeteleza kikaingia ndani ya mto kupitia mshono uliofumuka, na wiki ile ile ya harusi yeye mwenyewe, kwa mkono wake huu, aliushona ule mshono kwa uzi mwekundu. Uzi ulikuwa ule ule. Bi Dija aliketi chini katikati ya sufi akalia mpaka ikamganda usoni.

Kisha, na hapa ndipo ninapomlaumu, akakifunga kidani kwenye kitambaa pamoja na kile kipande cha uzi, akanyamaza. Hakukivaa, hakukiuza, hakumwambia hata mumewe mpaka alipomzika. Magoti yalipoanza kumvimba alijiambia kwamba Halbadiri imerudi kwa mwenyewe.

Walifika Kaole saa tano na nusu. Msabaha akamsimamisha mwendesha bodaboda, akamuuliza nyumba ya Bi Tatu.

"Bi Tatu yupi? Yule wa Halbadiri?" alijibu yule mtu, wala hakuwa na ubaya wowote. "Nyumba ya tatu, yenye cherehani barazani."

Bi Dija alihisi kama amepigwa kofi. Yule mwendesha bodaboda hata miaka ishirini na minane hajafika.

Barazani alikuwapo msichana mrefu anashona sare za shule. Aliinuka akamwamkia shikamoo, akamkaribisha, akaita ndani, "Mama, una mgeni." Bi Dija akapita ukumbini mpaka uani, akamkuta Tatu amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Asalaam aleikum, Tatu."

Tatu akainua macho.

"Waaleikum salaam," alisema. "Umenenepa." Akaendelea kukuna.

Bi Dija alikuwa amepanga maneno tangu Ubungo, tena mazuri, yenye aya na hadithi. Yote yakayeyuka. Akasema moja kwa moja, amesimama, kidani alichokitoa mkobani kimo mkononi. Akaeleza habari ya mto, ya mshono, ya uzi mwekundu, ya miaka kumi na mmoja ya kunyamaza. Tatu alikuna nazi mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi, hakuacha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Chukua kidani, Tatu. Ni chako. Niwie radhi."

Tatu akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Nikivae? Nikikivaa mimi hiki, watu watasema nini? 'Hicho hapo! Tuliwaambia!' Hebu kirudishe kitambaani."

Bi Dija akakirudisha.

"Nikuulize, Dija. Ile Halbadiri ilisomwa wapi?"

"Barazani kwetu. Dunda."

"Watu walikuwepo?"

"Walijaa."

"Na leo umekuja kuniambia hapa. Mimi na wewe na kuku." Tatu akaweka kifuu chini. "Ulinivua nguo sokoni, unakuja kunivika uani?"

Hapo Bi Dija akageuza uso. Nyuma yake, mlangoni, Nasrin alikuwa amesimama na futi ya kupimia shingoni, na machozi yanamtoka bila sauti. Kumbe amesikia yote.

"Posa mbili zimevunjika, bibi," alisema Nasrin. "Ya tatu ni ya Adamu, mjukuu wa Bi Saida wa Dunda. Yeye Adamu ananitaka, na wazee wake wananitaka. Bibi yake ndiye aliyekataa. Anasema haoi mtu wake kwenye nyumba iliyosomewa."

"Saida huyu huyu mwenye ubani?" aliuliza Bi Dija.

"Huyu huyu," alisema Tatu. "Na leo Alhamisi. Saa nane atakuwa kwenye darasa la dini na akina mama wote wa Dunda. Njia unaijua."

Bi Dija akapiga hesabu ya saa kichwani. Kukaa mpaka saa nane, aseme, halafu arudi Dar kwa foleni ile ya Tegeta! Aliiona ndege inapaa bila yeye. Mwanawe Yunus alidunduliza miaka minne kumlipia safari hii. Kwa mara nyingine, nawaambieni ukweli, miguu ilitaka kumtoa mbio mpaka kwenye teksi. Lakini alimtazama yule binti, tumbo lile lililopishwa njiani, akaona kwamba akitoka hapa hivi hivi atazunguka Al-Kaaba mara saba na haitakuwa na maana.

"Twendeni," alisema.

"Kula kwanza," alisema Tatu. "Mgeni hatoki kwangu na njaa. Hata wewe."

Akampakulia wali na kisamvu cha nazi, uso ameugeuza upande. Baada ya kula waliswali adhuhuri chumba kimoja, kila mtu na mswala wake. Halafu wote watatu wakapanda teksi ya Msabaha, ambaye kufikia hapo alikuwa amekwishasimuliwa kila kitu na majirani na alikuwa akiendesha kwa adabu sana.

Darasa lilikuwa limejaa, akina mama kama thelathini wamekaa chini, mwalimu wao mbele na juzuu mkononi. Bi Saida alikaa kwenye kiti peke yake kwa ajili ya uzee, bakora mapajani. Walipoingia, minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Bi Dija akamwomba mwalimu ruhusa ya kusema neno moja, akapewa.

Alisimama. Wengine walikuwa wamemtambua, wengine walikuwa mabinti wa wale aliowajua. Akafungua kitambaa, akakinyanyua kidani juu kila mtu akione.

"Mimi ni Dija, niliyekuwa nikikaa nyumba ya pembeni, hapo kwa muuza mkaa. Kidani hiki ndicho nilichokisomea Halbadiri. Hakikuibiwa. Kilikuwa ndani ya mto wangu wa sufi, na mto niliushona mimi mwenyewe. Uzi wenyewe huu hapa. Tatu hakuchukua kitu. Nimelijua hilo miaka kumi na mmoja na nikanyamaza kwa kuona haya. Mwizi ni mimi. Nilimwibia jina lake."

Bi Saida akagonga bakora.

"Aa, Dija, mambo ya kale hayo. Ya nini kuyafukua leo mbele ya watoto?"

"Tuliyasoma mbele ya watu, Bi Saida. Na ubani ulikuwa wako."

"Mtume!" alisema mtu nyuma.

Bibi mmoja mkongwe karibu na dirisha, asiyesikia vizuri, akauliza kwa sauti kubwa, "Na lile tumbo je? Tumbo lililovimba?"

Tatu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote ule, akamshika Nasrin mkono akamvuta mbele. "Tumbo ndilo hili hapa," alisema. "Lina miaka ishirini na saba na linashona nguo."

Kwanza akacheka mmoja, halafu wawili, halafu darasa zima, na katikati ya kicheko wengine wakaanza kujifuta macho kwa mitandio. Mwalimu mwenyewe aliweka juzuu chini. Mwanamke mmoja akaja akamkumbatia Tatu, akaja mwingine, wakaja wengi mpaka Tatu akaanza kulalamika kwamba wanambana mbavu. Bi Saida alibaki kitini. Alikuwa akimtazama Nasrin kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mwisho akajikongoja na bakora yake mpaka mbele ya Tatu.

"Mimi nilikuwa na ubani tu, Tatu."

"Na mdomo," alisema Tatu.

Bi Saida akaegemea bakora. "Na mdomo. Nisamehe, mwanangu." Akamgeukia Nasrin. "Jumapili tutakuja, kama mlango uko wazi."

"Nitaangalia nafasi, bibi," alijibu Nasrin. "Nina sare nyingi za kushona."

Haya, huyo ndiye mtoto wa Tatu! Lakini tabasamu lilimponyoka.

Nje Msabaha alikuwa anapiga honi kama mwendawazimu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Bi Dija alitoka anachechemea, Nasrin amemshika mkono huku anaandika namba yake kwenye simu ya bibi. Tatu alifuata nyuma. Bi Dija akashika mlango wa gari, akageuka.

"Tatu, nakwenda. Nimesema ulivyotaka. Kama huna la kuniambia, sikulaumu."

"Kilete," alisema Tatu.

"Nini?"

"Kidani. Sasa kilete."

Akainamisha shingo. Bi Dija akajaribu kukifunga, kikamponyoka, akajaribu tena, kilipoingia mara ya tatu alikuwa analia waziwazi, barabarani, watu wanapita na baiskeli. Tatu akakinyoosha kifuani juu ya baibui, akakipima kwa kiganja.

"Kizito," alisema. Kisha akasema, "Nimekuwia radhi, Dija. Duniani na akhera. Hasira bado ninayo kidogo, sitakudanganya, lakini hiyo ni yangu, itapungua. Ukirudi njoo unipunguzie."

"Nitakuja. Wallahi nitakuja."

"Na huko uendako utaje goti langu la kushoto. Ukisahau, mimi na wewe basi."

Foleni ya Tegeta sitaki kuisimulia. Msabaha alipita njia ambazo serikali haijazijua, akisoma dua zote alizofundishwa chuoni, na Bi Dija akiitikia amina kwenye kila shimo. Walifika saa kumi na mbili kasorobo. Ustadh Abdullatif alikuwa anazunguka mlangoni, pasipoti mkononi, jasho linamtoka.

"Bibi! Bado kidogo niikabidhi!" Akamtazama usoni, akashusha sauti. "Umempata mwenye haki?"

"Nimempata. Kaichukua."

Ustadh akampa pasipoti yake, akasema alhamdulillahi, akamsogeza kwenye mstari mbele ya wanaume wawili walionung'unika. Pale pale kwenye mstari Bi Dija akatoa daftari lake, akaandika chini ya gari la Msabaha: Tatu, goti la kushoto. Akafikiri, akaongeza: na Nasrin, Jumapili.

Simu ikalia mkobani. Ilikuwa picha kutoka kwa Nasrin. Tatu amesimama katikati ya wauza samaki wa Dunda, jua la jioni linampiga kifuani, kidani kinang'aa juu ya baibui jeusi, kidevu amekiinua. Hakuwa na samaki, hakuwa hata na kikapu.

Chini ya picha Nasrin alikuwa ameandika: "Bibi, nimemwambia turudi Kaole, hataki. Anasema bado amebakiza mitaa miwili."